Kaseja na Mwisho wa Reli: Anastahili Ukumbi wa Heshima au Tunamwonea Huruma?

Wadau, kuna ubishi mmoja ambao kwetu Kasulu hauishi. Umeanza kabla sijamaliza shule, umenikuta nimehamia Dar, na kila nikirudi nyumbani naukuta palepale kijiweni, umekaa kwenye benchi kama mwenyeji. Swali lenyewe ni fupi: Juma Kaseja ni gwiji wa soka letu, au ni kipa wa kawaida aliyekuwa na siku chache nzuri?

Ukiuliza watu kumi, watano watakuambia "Tanzania One, acha utani." Watano watacheka, halafu watakukumbusha mechi moja ya Desemba 2013. Na wote kumi watakuwa wanasema kweli. Hapo ndipo utamu ulipo.

Naweka wazi mapema ili mtu asije akasema nimeficha jezi: mimi ni wa Jangwani tangu utoto. Mjomba wangu, aliyenifundisha kuangalia mpira, ni Msimbazi damu. Kwa hiyo huyu jamaa ametuumiza na kutufurahisha wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Kabla hatujaenda mbali, nikuchukue kidogo Marekani. Kule kwenye mpira wao wa mikono, ule wa helmeti, nafasi ya kwotabeki inafanana sana na ya kipa kwetu. Timu ikishinda anabebwa juu, timu ikifungwa lawama zinaanza na yeye. Kuna kwotabeki anaitwa Eli Manning, alicheza New York Giants tangu 2004, akastaafu mwanzoni mwa 2020. Mechi za ligi alizoanza alishinda 117, akafungwa 117. Sawa kwa sawa, kama mizani ya duka iliyotulia. Katika misimu mitatu tofauti aliongoza ligi nzima kwa kurusha mipira ikadakwa na wapinzani. Sasa huyohuyo ana Super Bowl mbili, ile ya msimu wa 2007 na ya msimu wa 2011, zote mbele ya New England Patriots, na zote mbili yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi. Ile ya kwanza Patriots walikuwa hawajapoteza hata mechi moja msimu mzima.

Wenzetu wana ukumbi wa heshima mjini Canton, jimbo la Ohio. Mchezaji anasubiri miaka mitano baada ya kustaafu, kisha wapiga kura wanakaa, na anayetaka kuingia lazima apate asilimia 80. Mwaka 2025 jina la Manning lilipigiwa kura kwa mara ya kwanza. Hakupita. Wabishi wa kule wanauliza kilekile tunachouliza sisi: unampima mtu kwa wastani wa siku zake zote, au kwa zile siku ambazo dunia nzima ilikuwa inamwangalia?

Huku kwetu heshima ya namna hiyo inagawiwa kijiweni, juu ya kahawa na kashata. Haina asilimia 80, ina kelele. Basi leo tufanye kama wajumbe wa Canton, faili la Kaseja likiwa mezani.

Dogo wa miaka 18 Cairo

Kaseja kazaliwa Kigoma mwaka 1985. Mkoa wetu watu wanaujua kwa mawese, migebuka na ule msemo wa "Kigoma mwisho wa reli", lakini mpira nao umo damuni. Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, ni wa ukoo wa Kigoma, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Uholanzi anacheza soka la kulipwa Heracles, wakati Watanzania wengi wanaisikia Ulaya redioni tu. Kwa hiyo mtoto wa Kigoma kutamani makubwa halikuwa jambo la ajabu. La ajabu lilikuwa kutamani ukipa na kimo chako ni cha kawaida. Kaseja hakuwa mrefu kwa vipimo vya makipa. Alichokuwa nacho ni miguu myepesi, mdomo wa kuwapanga mabeki, na roho ngumu kinoma.

Agosti 2003, Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba wanakutana na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika nzima. Mechi ya Dar Simba wanashinda 1-0. Wanaenda Cairo, Zamalek nao wanashinda 1-0. Mikwaju ya penalti. Langoni yupo dogo wa miaka 18, mbele yake watu wamejaa uwanjani wanamzomea kwa lugha asiyoijua. Simba wakashinda 3-2. Bingwa wa Afrika akavuliwa taji nyumbani kwake, na Simba wakaingia hatua ya makundi.

Mjomba akisimulia usiku ule huwa anasimama. Hawezi kuusimulia amekaa. Anasema waliusikiliza redioni pale nyumbani, majirani wamejaa uani, na penalti ya mwisho ilipoingia kuna mzee mmoja alitoka mbio gizani akapotelea kwenye migomba, wakamtafuta nusu saa.

Hiyo ni karatasi ya kwanza kwenye faili. Sasa tuweke na zile nyingine.

Miaka ya kupanda na kushuka

Mwaka 2006 akaja Marcio Maximo, Mbrazili, kuinoa Taifa Stars. Mnaikumbuka ile hamasa, bendera kwenye madaladala, kila mtu na jezi ya bluu. Lakini katika enzi ya Maximo, iliyoisha 2010, Kaseja alikaa nje ya timu ya taifa kwa muda mrefu. Nchi ikagawanyika. Wengine wakasema kocha ana lake jambo, wengine wakasema kipa ana kiburi. Stars ilipokwenda Ivory Coast mwaka 2009 kwenye CHAN ya kwanza kabisa, waliodaka walikuwa wengine.

Katikati ya hayo akafanya lile jambo ambalo Kariakoo halisameheki kirahisi: akavuka barabara. Mwaka 2008 akatoka Simba akaenda Yanga, msimu wa 2008/09 akabeba ubingwa na sisi, kisha akarudi zake Msimbazi. Msimu uliofuata Simba wakawa mabingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Yaani mtu kachukua ubingwa mara mbili mfululizo akiwa na timu mbili ambazo mashabiki wao hawakai benchi moja msibani. Mjomba alimsamehe siku ileile aliyorudi. Mimi sikumsamehe.

Desemba 2010, Maximo kashaondoka, Kilimanjaro Stars wakachukua Kombe la Chalenji hapa Dar chini ya Mdenmark Jan Poulsen, na Kaseja alikuwa ndani ya timu ile. Bara walikuwa hawajalishika kombe hilo tangu 1994.

Halafu ikaja Mei 2012. Wiki hii moja inatosha kueleza maisha yake yote ya mpira.

Tarehe 6 Mei 2012 Simba wakaifunga Yanga mabao 5-0. Naandika namba hii mkono ukinitetemeka, lakini historia ni historia. Okwi mawili, Mafisango la penalti, Sunzu la penalti. Na lile jingine? Kaseja. Kipa. Ilitoka penalti, jamaa akatembea kutoka langoni kwake mpaka langoni kwetu, taratibu kama mtu anayekwenda dukani kununua vocha, akaweka mpira, akafunga. Nilikuwa kwenye kibanda umiza, nimelipia kwa hela ya daftari. Nikatoka nje kabla ya dakika 90.

Wiki moja baadaye Simba wakawa Sudan, Kombe la Shirikisho, wanarudiana na Al Ahly Shendi waliowafunga 3-0 Dar. Mtu mwenye mabao matatu mkononi anawaza raundi inayofuata. Wakafungwa 3-0. Penalti zikapigwa mpaka makipa wakachoka kuruka, na Simba wakatolewa 9-8. Kipa wa Cairo, shujaa wa matuta, safari hii matuta yakamkataa. Siku chache baadaye Patrick Mafisango akafariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam, na nchi nzima ikanyamaza. Mpira una wiki ambazo mtu hatakiwi kuzipitia mara mbili.

Ile Desemba

Mwaka 2013 ulianza na Libolo ya Angola kuwatoa Simba Ligi ya Mabingwa, 1-0 Dar na 4-0 kwao. Simba wakamaliza msimu bila ubingwa. Stars nao walikuwa na siku zao: Machi waliichapa Morocco 3-1 Uwanja wa Taifa, Juni wakafungwa na Ivory Coast 4-2 palepale, na ndoto ya Kombe la Dunia ikaishia hapo. Katikati ya mwaka mkataba wa Kaseja Simba ukaisha, hakuongezewa. Nahodha akakaa miezi nje bila timu, mpaka Novemba akasaini tena Yanga.

Tarehe 21 Desemba 2013, mechi ya Nani Mtani Jembe. Simba 3, Yanga 1. Bao la tatu lilimkuta Kaseja katika hali ambayo kipa haombi imkute, na picha yake ikazunguka kwenye simu kuliko salamu za Krismasi. Kocha wetu Ernie Brandts kibarua kikaota nyasi. Na Kaseja je? Kijiweni hukumu ilitoka usiku uleule: kauza mechi, kazeeka, kaisha, arudi kwao Kigoma. Mwisho wa reli.

Alikuwa na miaka 28.

Na mimi nina la kukiri hapa. Usiku ule nilikuwa na simu ndogo ya kuazima, nikaingia Facebook, nikaandika kwamba huyu mtu hana aibu, apewe nauli arudi nyumbani auze migebuka. Nikapata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Mtoto wa Kasulu, namtukana mtoto wa Kigoma kwa kumwambia arudi Kigoma! Kana kwamba nyumbani kwetu ni jalala la watu walioshindwa. Mjomba alipoisoma hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjomba, kwani wewe unaishi wapi?"

Ile kauli yake sijaisahau mpaka leo.

Mwaka 2019, watu wameshasahau

Baada ya hapo Kaseja akaondoka kwenye taa za Kariakoo. Akadaka Mbeya City, akadaka Kagera Sugar, akaenda KMC ya Kinondoni. Timu ambazo mechi zake nyingi unaziona matokeo tu. Juni 2019 Stars wakaenda AFCON Misri, mara ya kwanza tangu 1980. Kizazi kizima kilisubiri siku ile, na Kaseja hakuwemo. Miaka yote ya ubora wake Tanzania haikufuzu, na ilipofuzu yeye alikuwa ameshapitwa.

Stars wakarudi na vipigo vitatu kwa mechi tatu, Amunike akaondoka, akapewa timu kwa muda Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa amemfundisha Kaseja pale KMC. Akamwita. Miaka 34! Mitandao ikacheka. "Tumeishiwa makipa?"

Tarehe 4 Agosti 2019, Kasarani, Nairobi, kufuzu CHAN. Harambee Stars na Taifa Stars wametoka suluhu Dar, wametoka suluhu Nairobi. Matuta. Kaseja akaokoa, Tanzania ikashinda 4-1.

Mwezi uliofuata ikawa Burundi, kufuzu Kombe la Dunia. Hapa niwaeleze watu wa Dar ambao mnadhani hiyo ilikuwa mechi ya kawaida. Kwetu Kasulu na Kibondo, Burundi si nchi ya kwenye ramani. Ni ng'ambo ya kilima. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu, ukizungumza taratibu mnasikilizana. Wakati ule kambi za Nyarugusu na Nduta zilikuwa kwetu, sokoni tunanunua na kuuziana. Siku ya mechi ya marudiano, tarehe 8 Septemba, nilikuwa nyumbani likizo. Kibanda umiza kilijaa watu wa pande zote mbili, wamekaa mabenchi yaleyale, wanataniana Kiha na Kirundi mpaka hujui nani ni nani. Kocha wa Tanzania mwenyewe ni Mrundi, utabishana na nani?

Bujumbura ilikuwa 1-1. Dar nayo ikawa 1-1, Samatta kafunga, Burundi wakarudisha. Matuta tena. Kwenye runinga kamera ikamvuta Kaseja anatembea kwenda langoni, taratibu, ule mwendo wa kwenda kununua vocha. Nikahisi baridi mgongoni. Mjomba alikuwa kando yangu, akanong'ona, "Huyu nimemwona mahali."

Burundi walipiga mikwaju mitatu na kukosa yote mitatu. Tanzania 3-0. Mpigaji akikosa, wewe utasema ni yeye kakosa. Lakini muulize mtu yeyote aliyewahi kupiga penalti: lango lina ukubwa uleule siku zote, kinachobadilika ni nani amesimama katikati yake. Oktoba Stars wakamaliza kazi kule Sudan na kufuzu CHAN, kwa mara ya kwanza tangu ile ya 2009 ambayo yeye hakuwepo.

Sasa tupige kura

Twende kwa haki. Hoja za wanaomkataa zina nguvu, tusizidharau. Hakucheza AFCON hata moja. Hakupata maisha ya soka nje ya nchi. Makipa waliomtangulia wana vitu ambavyo yeye hana: Juma Pondamali alikuwa kwenye Stars ya AFCON 1980, Mohamed Mwameja alidaka Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Kaseja alikosea kwenye mechi kubwa, mbele ya kila mtu. Alihama Simba na Yanga mara nyingi kuliko ambavyo moyo wa shabiki unaweza kuvumilia. Ukichukua siku zake zote ukazigawanya, jibu ni kama la Manning: kupanda na kushuka.

Lakini mimi nina tatizo na hesabu ya kugawanya. Kipa ana daftari la ajabu, lina safu moja tu inayosomwa. Mshambuliaji akikosa mara nane na kufunga moja, tunaimba jina lake. Kipa akiokoa mara nane na kukosea moja, tunamtafutia nauli. Ile mipira minane inafutika kwa sababu haikuacha alama ubaoni. Kwa hiyo unaposema "alikuwa hatabiriki", jiulize kwanza nani alikuwa anaandika zile siku alizotulia. Msimu mzima wa 2009/10 ligi bila kufungwa mechi, nani anakumbuka hata mpira mmoja aliouokoa? Lakini lile bao la tatu la Desemba, hata mtoto aliyezaliwa juzi kaonyeshwa.

Nikimpima mtu wa ukumbi wa heshima, natazama kitu kimoja: alipopewa mzigo ambao wengine walikuwa wanaukimbia, aliubeba? Miaka 18 Cairo, aliubeba. Shendi, ulimwangukia. Desemba 2013, ulimwangukia mbele za watu. Miaka 34 Nairobi, akaurudia uleule, matuta yaleyale, mashabiki wakishamzika, akaubeba tena. Kati ya Cairo na Nairobi ni miaka 16. Kipa wa bahati hakai miaka 16 anasubiri penalti nyingine.

Kwa hiyo kura yangu ni ndiyo. Mimi wa Jangwani, niliyefungwa tano na akafunga moja yeye mwenyewe, napiga ndiyo. Ila kwa sharti: tusimsafishe. Tusiandike kibao cha kusifia tu kama hotuba ya mazishi. Siku moja pale Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, lango moja lipewe jina lake, na kibao kiseme yote. Zamalek kiseme, Shendi kiseme. Tano bila kiseme, na ile tatu moja kiseme. Nairobi kiseme. Dogo kipa wa Kibondo aliyefungwa bao la kizembe jana na analia, akisoma kibao chenye ushindi mtupu kitamsaidia nini? Akisoma kile chenye kila kitu, atajua kwamba mtu wa kwao alianguka hivihivi, watu wakamwambia arudi nyumbani, na hakuwa ameisha.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Mjomba kazeeka, lakini ubishi bado anao. Nikamwambia nataka kuandika hii, na kwamba nitaitaja ile posti yangu ya 2013.

"Uliifuta?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, niliifuta usiku ule wa Burundi, palepale kibanda umiza.

Akatikisa kichwa. "Ungeiacha, mjomba. Na wewe ungekuwa na bao lako la tatu watu walione."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Sisi tunasema Kigoma ni mwisho wa reli kwa sababu tunahesabu kutoka Dar. Mtu wa Kigoma akisimama stesheni kwao, reli ndiyo inaanzia pale.